KOO LA MTOTO NA MOYO WAKE

Katika somo hili tutazungumza juu ya moyo wa watoto wakubwa na vijana. Labda utasema: "Ugonjwa wa moyo ni wa wazee, wale wenye tansio." Ni kweli, tansio inashika zaidi watu wazima. Lakini kuna ugonjwa mmoja wa moyo unaoanza mara nyingi kwa watoto wa miaka 5 mpaka 15, nao umeharibu mioyo ya vijana wengi katika Afrika. Tena unaanza mahali ambapo mama hafikiri. Unaanza kooni.

Tuseme mtoto wako wa miaka 10 anarudi toka masomo, anasema koo linauma. Ana homa. Fufu anaikataa kwa sababu kumeza kunaleta maumivu. Hana mafua, hakohoi. Ukimulika ndani ya kinywa unaona nyama mbili za pande za koo zimevimba, ni nyekundu, pengine zina usaha mweupe. Chini ya taya unagusa vivimbe vinavyouma. Siku nne ao tano zinapita, homa inashuka, mtoto anacheza tena. Mama anasema: "Imeisha."

Pengine haijaisha. Makoo mengi yanaletwa na mafua tu, na hayo yanapona yenyewe. Lakini koo kama hili linaweza kuletwa na mikrobe inayoitwa streptokoko. Mwili unatuma askari wake kupigana na mikrobe hiyo. Kwa watoto fulani askari hao wanakosea: wakiisha kumaliza adui, wanaanza kupiga mwili wenyewe. Wanapiga viungo, wanapiga moyo. Hayo yanatokea majuma 2 ao 3 nyuma ya koo, wakati mama amekwisha kusahau.

Ndipo mtoto anapata homa tena, na goti linavimba. Kesho kutwa goti limepona, sasa ni kiwiko, kisha kifundo cha mguu. Maumivu yanahama-hama. (Kuna magonjwa mengine yanayoumiza viungo, kama ule wa damu watu wanaouita SS, kwa hiyo usijipimie mwenyewe nyumbani.) Wengine, zaidi wasichana, mikono yao inajitupa-tupa bila wao kutaka, uso unakunjamana, kalamu inaanguka masomoni, na mwalimu anawagombeza. Jirani atakuambia mtoto amelogwa, ao ana pepo. Hapana, mama. Ni ugonjwa huu huu, na hali hiyo hupita. Mlete hospitali, usimpeleke kwanza kwingine.

Sasa moyo. Moyo una milango minne midogo inayofunguka na kufungika kila mara unapopiga. Ugonjwa huu unaacha makovu juu ya milango hiyo. Mlango wenye kovu haufungi vizuri, damu inarudi nyuma. Ao haufunguki vizuri, damu inakwama. Kila mara koo la namna ile linaporudi, kovu linaweza kuongezeka. Mtoto anaweza kukaa miaka mingi bila kusikia kitu. Kisha akiwa kijana anashindwa kupanda kilima na bidoni ya maji, anahema, usiku anakohoa na kutaka kulala ameketi, miguu inavimba. Wengine wanadhani ni kifua kikuu.

Kwa wasichana kuna hatari ingine. Wakati wa mimba damu inaongezeka sana mwilini na moyo unafanya kazi zaidi. Mlango uliokuwa na kovu kwa siri unashindwa sasa, hasa miezi ya mwisho na siku za kuzaa. Ukiwa na binti mwenye mimba anayehema hata akiketi, usimwambie "ni mimba tu". Mlete siku ile ile.

Dawa iko, wala si mpya: penisilini. Mpaka leo streptokoko ya koo haijajifunza kuishinda. Sindano moja ya penisilini ya kukaa mwilini inatosha kwa koo, ao vidonge kwa siku 10. Siku 10, mama, si 3. Tunajua vile inakuwa: siku ya tatu mtoto ameamka vizuri, na vidonge vinavyobaki vinawekwa kwa ajili ya mdogo wake. Hapo mmoja hajapona na mwingine hatapona. Wala kukata kilimi hakuponyi koo. Kunaongeza kidonda na damu.

Mtoto ambaye ugonjwa umemshika tayari anapewa sindano hiyo kila majuma 3 ao 4, miaka mingi. Sindano inauma, tusidanganye. Ndiyo sababu watoto wanakimbia na wamama wanachoka. Lakini sikiliza jambo lililofanyika kwa jirani zetu wa Uganda, kule Gulu. Waganga walipima watoto wa masomo kwa ekografi ya moyo, wakachukua 818 wa miaka 5 mpaka 17 ambao milango ya moyo ilikuwa imeanza kuharibika bila wao kusikia ugonjwa. Nusu walipewa sindano kila majuma 4, nusu hawakupewa. Nyuma ya miaka 2, kati ya 400 wasiopewa, moyo ulizidi kuharibika kwa 33. Kati ya 399 waliopewa, ni 3 tu. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2021.

Mikrobe hii inapenda watu wengi katika chumba kimoja. Tangu 2014 jamaa nyingi za kwetu zimekimbia vita, toka upande wa Eringeti na Mbau na vijiji vya porini, na watu kumi wanalala katika nyumba ya watu wanne. Hatuwezi kumlaumu mama kwa hilo. Lakini fungua madirisha mchana, mwenye koo alale kando kama nafasi iko, na kila mtoto awe na kikombe chake.

Wamama wengine wanauliza: "Sindano zitaisha lini?" Wengine wanaendelea mpaka wamepita miaka 20, wengine maisha yote, munganga anapanga kufuatana na hali ya milango. Usiziachishe mwenyewe. Kama mtoto alipata vipele ao kuhema nyuma ya sindano ya penisilini, sema mbele ya kuchomwa. Na kama ulikimbia ao ulikuwa shambani siku ikapita, usione haya. Kuja hata kama umechelewa, na fishi ya mtoto mkononi. Kama imepotea, kuja vile vile.