Vitamini D na Mifupa ya Samaki wa Kidimbwini

Mfugaji wa Mwea au Sagana anapovua sampuli na kukuta tilapia wake wamedumaa, wengine migongo imepinda au taya zao ni laini, ushauri wa kwanza kutoka kwa majirani huwa ni kuongeza chokaa. Chokaa ina kazi yake: hupunguza asidi ya maji na kuongeza kalsiamu. Lakini mara nyingi upungufu uko kwenye gunia la chakula, na mfuko wa pili wa chokaa hautauondoa.

Samaki hana shida ya kalsiamu kama ng'ombe wa maziwa. Sehemu kubwa ya kalsiamu yake huifyonza moja kwa moja kutoka kwenye maji kupitia matamvua. Fosforasi ni tofauti. Maji huwa na kiasi kidogo mno cha madini haya, hivyo karibu fosforasi yote anayohitaji samaki lazima aile. Bila fosforasi hakuna mfupa mgumu, hata kama kalsiamu imejaa tele.

Vitamini D nayo haijengi mfupa yenyewe, bali husimamia madini hayo. Ikishaliwa hubadilishwa mwilini, kwenye ini na figo, ikawa homoni. Homoni hiyo huuamrisha utumbo ufyonze kalsiamu na fosforasi, na husaidia kupima kiasi kitakachobaki kwenye damu na kile kitakachowekwa kwenye mifupa na magamba. Magamba ni ghala pia: jike anapotengeneza mayai huchota madini humo. Kwa hiyo anayefuga samaki wazazi kwa ajili ya kuuza vifaranga ana sababu zaidi ya kuangalia jambo hili.

Binadamu hupata vitamini D jua linapompiga ngozini. Samaki wa kufugwa huitegemea hasa kwenye chakula. Ziwani huipata kwa kula planktoni na viumbe wengine wadogo, na ndiyo sababu wafugaji wawili wanaotumia chakula kilekile wanaweza kuona matokeo tofauti. Vidimbwi vingi vilivyochimbwa katika mpango wa serikali wa kufufua uchumi wa 2009 vilikuwa na mita mraba 300 na vifaranga wapatao 1,000. Maji yakitiwa mbolea yakawa ya kijani, samaki hao hujitafutia sehemu ya vitamini yao humohumo. Mwenye tangi la saruji au kidimbwi cha plastiki, samaki wamesongamana na maji ni maangavu, hana akiba hiyo. Chochote kisichokuwa kwenye chakula, samaki wake hawatakipata.

Pumba za mchele zinapatikana kwa urahisi Mwea, na wengi huzitumia kama chakula kikuu. Kipimo cha maabara huonyesha kwamba pumba zina fosforasi nyingi, jambo linalowapotosha watu. Sehemu kubwa ya fosforasi hiyo imefungwa ndani ya fitati, na tumbo la samaki halina kimeng'enya cha kutosha kuifungua. Mashudu ya pamba na ya alizeti yana tatizo hilohilo. Fosforasi hupita na kinyesi na kurutubisha maji kupita kiasi, na mkulima ameilipia. Vitamini D haiwezi kuokoa fosforasi iliyofungwa. Inasaidia tu ile iliyokwisha kuyeyuka utumboni. Unga wa omena, ambao ni nyama pamoja na mifupa, huleta fosforasi inayotumika vizuri zaidi na vitamini D kidogo. Daikalsiamu fosfati inayouzwa kwenye maduka ya kilimo huongeza fosforasi na kalsiamu, si vitamini D.

Kiasi cha vitamini kinachohitajika ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa 1993 ulionyesha kwamba tilapia chotara huhitaji takriban vipimo 375 vya kimataifa, vile vinavyoandikwa IU kwenye lebo, kwa kila kilo ya chakula. Kwa tani nzima hiyo ni chini ya miligramu 10. Hakuna mizani ya nyumbani inayoweza kupima hivyo, na anayechanganya chakula mwenyewe anunue premiksi ya samaki iliyotengenezwa tayari, aikoroge kwanza na kilo chache za pumba kabla ya kuitia kwenye mchanganyiko wote. Chumvi ya ng'ombe si mbadala.

Trauti wanaofugwa kwenye vijito baridi vya Mlima Kenya huhitaji zaidi, kati ya vipimo 1,600 na 2,400. Wakiikosa hukua polepole na misuli yao hukakamaa. Kuzidisha nako kuna madhara, kwa kuwa vitamini hii hukaa kwenye mafuta ya mwili na haitoki na mkojo. Kambare wa aina inayofugwa Marekani walipolishwa vipimo 20,000 na zaidi kwa kilo, ukuaji wao ulishuka.

Joto, mwanga, unyevu na hewa huiharibu vitamini D, hasa ikikaa muda mrefu pamoja na madini ya chuma na shaba kwenye premiksi. Gunia liwekwe juu ya mbao, mahali pakavu penye kivuli, na chakula kitumike ndani ya miezi mitatu tangu kilipotengenezwa. Tarehe hiyo isomwe kabla ya kulipa.

Mgongo uliopinda pekee hautoshi kuonyesha chanzo, kwani ukosefu wa vitamini C au vifaranga wa ukoo mmoja huleta dalili hiyo pia. Mfugaji anayeiona amwendee afisa wa uvuvi wa wadi akiwa na samaki wawili watatu, kilo moja ya chakula, lebo ya premiksi na hesabu ya samaki waliomo kidimbwini.