Kulinganisha Michezo ya Bao katika Somo la Hisabati: Ugumu Upi Utangulie?

Katika makala haya tunakusudia kulinganisha michezo mitatu ya jamii ya bao, ili mwalimu mwanafunzi aweze kuchagua ule unaofaa kufundishia Hisabati katika shule ya msingi. Jambo hili si la kupitisha wakati tu. Mchezo mgumu ulioletwa darasani kabla ya wakati wake waweza kumvunja mtoto moyo kuliko zoezi la ubaoni.

Hayo tuliyajua kwa kosa letu wenyewe. Tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha huku Kasense, Sumbawanga, tuliwapelekea wanafunzi wa Darasa la Nne bao la kiswahili pamoja na kanuni zake zote kwa kipindi kimoja. Watoto watatu waliozoea kuwatazama wazee wao nyumbani waliendelea; wengine walibaki kukodoa macho. Mvulana mmoja aliliwa mara tatu mfululizo, wenzake wakamcheka, naye akaenda kuketi nyuma ya darasa. Siku mbili zilizofuata hakunyosha mkono katika somo lolote. Kosa halikuwa la mtoto wala la mchezo, bali la andalio letu la somo.

Mambo yanayofanana

Michezo yote mitatu huchezwa na watu wawili, kwa mashimo 32 yaliyopangwa safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Kila mchezaji ana safu 2, yaani mashimo 16. Kete husambazwa moja moja kwa kuzunguka, na anayekosa namna ya kucheza hushindwa. Hakuna bahati nasibu: kila kinachotokea chaweza kuhesabiwa kabla ya mkono kugusa kete.

Mambo yanayotofautiana

(a) Bao la kujifunza. Kila shimo huwekwa kete 2, na mchezo huanza papo hapo. Kanuni ni chache. Ugumu uliopo ni wa kuhesabu.

(b) Bao la kiswahili. Kila mchezaji huanza na kete 6 katika nyumba na kete 2 katika kila shimo kati ya mawili ya jirani. Kete 22 hubaki mkononi, naye huziingiza moja moja katika hatua ya kunamua. Zikiisha, huanza hatua ya mtaji. Hapa mtoto hana budi kukumbuka kanuni za nyumba, kichwa na kimbi huku akihesabu.

(c) Omweso wa Uganda. Kila mchezaji huzipanga kete zake 32 apendavyo kabla ya kuanza. Anayekula huchukua kete za mashimo mawili ya mpinzani yanayokabiliana na shimo lake, ilhali katika bao la kiswahili huliwa shimo la safu ya mbele tu. Ugumu wake mkubwa huanzia kwenye mpango wa awali.

Kwa hiyo tunaona ugumu wa aina tatu: wa kuhesabu, wa kukumbuka kanuni, na wa kupanga mapema. Mwalimu asimtwishe mtoto yote matatu kwa siku moja. Bao la kujifunza litangulie, bao la kiswahili lifuate, na omweso uwe wa madarasa ya juu.

Hatua za somo

Chimbeni mashimo uwanjani, na punje za mahindi au maharage ziwe kete. Wanafunzi wayape mashimo yao namba 1 hadi 16 kwa kufuata mzunguko. Kisha mwalimu aulize: tukichota kete 5 za shimo la 3, ya mwisho itaangukia wapi? Jibu ni 3 + 5 = 8. Na tukichota 5 za shimo la 14? Hupatikana 19, tukitoa mzunguko mmoja wa 16, hubaki shimo la 3. Mtoto ataje jibu kwanza, ndipo asambaze kete na kujisahihisha mwenyewe.

Kushindwa nako kuna mafunzo yake. Tuliporudia somo kwa bao la kujifunza, tuliweka sharti moja: anayeliwa hurudisha kete zilivyokuwa, hueleza alihesabu nini, kisha hucheza upya. Yule mvulana aliliwa tena. Akarudisha kete, akagundua kwamba alikuwa akilihesabu shimo alilochota kuwa la kwanza. Kosa hilohilo lilikuwa katika daftari lake la kujumlisha, nasi tulikuwa tumelitia alama ya mkasi kwa majuma kadhaa pasipo kujua chanzo chake. Siku ile alinyosha mkono.

Hitimisho

Mchezo mgumu hufundisha iwapo mtoto aona kwa nini ameshindwa na apewa nafasi ya kujaribu tena. Asipopata hayo mawili, hubakia aibu tu.

Maswali ya majadiliano

1. Katika bao la kiswahili, ni kete ngapi zilizo ubaoni mchezo unapoanza, na ngapi zilizo mikononi mwa wachezaji wote wawili?
2. Andaa somo la dakika 40 la kutoa kwa kutumia hatua ya kunamua.
3. Utafanya nini wanafunzi wakimcheka aliyeliwa?