Picha Isiyo na Uso: Somo la Urithi kwa Wazazi Wote Wawili

Mwaka 2001, jumba la sanaa la National Portrait Gallery, London, lilipokea picha ya John Sulston, mwanasayansi aliyeongoza mchango wa Uingereza katika kusoma vinasaba vya binadamu. Picha hiyo haina macho wala pua. Ni zao la ushirikiano wa sanaa na maabara: msanii Marc Quinn alitumia vinasaba vilivyotolewa katika mbegu za kiume za Sulston. Vipande vyake viliingizwa ndani ya bakteria, nao wakaoteshwa juu ya jeli.

Mbegu hizo zina somo lake. Kila mbegu ya kiume hubeba nusu tu ya vinasaba vya baba, na kila yai nusu ya vinasaba vya mama. Nusu hiyo huchanganywa upya kila mara. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja hutofautiana. Mapenzi huwakutanisha wawili, lakini hakuna mzazi achaguaye nusu atakayoitoa.

Somo hili lina uzito katika nchi kama Tanzania, ambako familia nyingi zinaishi na selimundu. Mtoto anapougua, mara nyingine mama hulaumiwa kwamba ameleta ugonjwa kutoka kwao. Lawama hiyo haina msingi. Katika aina kuu ya selimundu, mtoto huugua kwa kupokea jeni moja ya ugonjwa kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba, ingawa wazazi wenyewe huwa wazima. Iwapo wote wawili ni wabebaji, katika kila mimba uwezekano ni 1 kati ya 4 wa mtoto mgonjwa, 2 kati ya 4 wa mbebaji, na 1 kati ya 4 wa asiye na jeni hiyo. Hesabu huanza upya kwa kila mimba. Kuzaliwa kwa mgonjwa mmoja hakumkingi anayefuata.

Kwa hiyo, inafaa mhudumu wa afya awaite wazazi wote wawili na kuwaeleza majibu wakiwa pamoja. Wachumba nao wanaweza kupima damu mapema, ili waamue wakijua. Mtoto aliyegunduliwa mapema hufaidika na chanjo, penisilini ya kinga na, kwa ushauri wa daktari, haidroksiyurea. Majibu ya maabara, kama picha ya Sulston, huonyesha kilichorithiwa. Malezi na matibabu yangali mikononi mwa wazazi na wahudumu.