Mbwa Anapokula Nyasi: Ni Wakati Gani wa Kuwa na Wasiwasi?

Wafugaji wengi wakimwona mbwa anatafuna nyasi hudhani ana njaa au anajitibu tumbo. Mara nyingi sivyo. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, waliulizwa wamiliki zaidi ya 1,500 wa mbwa wenye tabia hiyo. Asilimia 8 tu walisema mbwa wao huonekana mgonjwa kabla ya kula mimea, na asilimia 22 walisema hutapika mara kwa mara baada ya kula. Hivyo, mbwa mchangamfu anayekula na kunywa vizuri hahitaji tiba kwa sababu ya nyasi pekee.

Wasiwasi uanze pale tabia hiyo inapoambatana na dalili nyingine. Mbwa anayetapika kwa kurudiarudia, anayekonda, anayekataa chakula au mwenye damu katika kinyesi apelekwe kwa mtaalamu wa mifugo. Huenda ana minyoo au maradhi mengine ya tumbo. Aliyekula nyasi zilizopuliziwa dawa, kisha akatetemeka au kutoa mate mengi, apelekwe mara moja pamoja na chupa ya dawa iliyotumika.

Hatari kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Mbwa mwenye ugonjwa huu anaweza kutafuna vijiti, udongo na nyasi, kubadilika tabia na sauti, kulegea taya na kushindwa kumeza. Wapo wanaodhani amekwamwa na mfupa au nyasi, wakaingiza mkono mdomoni mwake ili kumsaidia. Jambo hilo lisifanyike kamwe, kwani virusi vya ugonjwa huu vimo katika mate. Watu, hasa watoto, wakae mbali naye, na taarifa itolewe haraka kwa Afisa Mifugo wa Kata.

Aliyeng'atwa, au aliyeguswa na mate penye mchubuko, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha afike kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra mno mgonjwa kupona.

Kinga ni chanjo. Mbwa achanjwe afikishapo umri wa miezi 3, na chanjo irudiwe kila mwaka.