Ini na Mahindi ya Ghalani

Katika somo lililopita tulilifuata tonge la ugali kutoka kinywani hata tumboni, na kutoka tumboni hata katika matumbo membamba, tukaona jinsi chakula kinavyoyeyushwa na kuingia katika damu. Leo twaendelea na safari ile ile, maana damu hiyo iliyobeba chakula haiendi moja kwa moja moyoni. Kwanza yapita katika ini.

Weka mkono wako chini ya mbavu za upande wa kuume. Ini lakaa hapo, nalo limefunikwa na mbavu. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama kilo moja na nusu. Ninyi mnaochinja mbuzi nyumbani mmekwisha kuiona rangi yake, na mfuko wa nyongo ulioshikamana nalo. Kazi zake ni nyingi: latengeneza nyongo ya kuyeyushia mafuta, laweka akiba ya sukari, tena lasafisha damu. Kila kitu ulichokula, kizuri na kibaya, chapita mbele yake kama wageni wapitavyo mbele ya bawabu. Basi sumu ikiwamo katika chakula, bawabu huyu ndiye anayekutana nayo kwanza.

Sasa sikilizeni habari iliyotokea katika nchi yetu. Katikati ya mwaka wa 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walianza kuugua ugonjwa ambao hapo kwanza haukujulikana. Walitapika, wakaumwa na tumbo, macho yao yakawa ya manjano, na matumbo yakavimba. Mnajua wenyewe kwamba penye jambo la namna hiyo watu hawakosi kunong'ona habari za uchawi. Lakini wataalamu waliokwenda vijijini hawakutafuta mchawi, walitafuta mahindi. Walichukua mahindi katika nyumba za wagonjwa, wakachukua na mengine katika nyumba za watu wazima wa afya, wakayapima yote. Mahindi ya wagonjwa yalikuwa na sumu nyingi zaidi. Mpaka mwezi wa Novemba waliougua walikuwa watu 68, nao waliokufa 20.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa wamekwisha kupatwa na msiba mkubwa kuliko huo. Mwaka wa 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na nyingine za karibu, waliugua watu 317, wakafa 125. Wachunguzi waliwalinganisha wagonjwa 40 na jirani zao 80 wasiougua, wakawauliza kila mmoja mahindi yake aliyaweka wapi. Wagonjwa wengi walikuwa wameyaweka mabichi ndani ya nyumba ya kulala, si katika ghala lenye kupitisha hewa. Msiwacheke. Mwaka wa njaa mtu hulala karibu na chakula chake, maana ghala la nje huibiwa.

Sumu hiyo twaiita sumukuvu, na wataalamu huiita aflatoksini. Kugunduliwa kwake kulitokea mbali na hapa. Mwaka wa 1960 huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda wa miezi michache. Kwa kuwa sababu haikujulikana, ugonjwa wao ulipewa herufi ya X tu, kama ile tuitumiayo katika hesabu kwa namba tusiyoijua bado. Hata mwisho ikaonekana kwamba wote walilishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, na mashudu hayo yalikuwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Kuvu hiyo ndiyo iliyotoa sumu. Wataalamu waliitoa sumu ile katika mashudu, wakaimulika kwa taa ya namna yake, ambayo nuru yake haionekani kwa macho, ikang'aa: sumu nyingine kwa rangi ya buluu, nyingine kwa rangi ya kijani.

Kila nisomapo habari hii hukaa nikifikiri. Batamzinga wale walikuwa na wenyewe waliohesabu hasara yao, na wenyewe hao walikuwa na mahali pa kupeleka malalamiko, na huko palikuwa na watu wenye vyombo vya kupimia. Huku kwetu mkulima aliyekufa kwa ini bovu hakuhesabiwa na mtu, ila na jamaa zake. Msiba wa kwanza wa namna hii ulioandikwa vizuri nchini Kenya ulikuwa wa Machakos mwaka wa 1981: wagonjwa 20 walichunguzwa, 12 wakafa. Ilikuwa imekwisha kupita miaka zaidi ya ishirini tangu wale batamzinga.

Labda mtoto mmoja atauliza, Je, Mwalimu, ni sumu kiasi gani inayodhuru? Sheria ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki yasema kwamba katika mahindi isizidi sehemu 10 kwa sehemu 1,000,000,000. Fanyeni hesabu. Katika gunia la kilo 100 hiyo ni miligramu 1 tu, uzito wa punje chache za chumvi ya mezani, zimetawanyika katika gunia zima. Jicho haliwezi kuiona, wala ulimi hauwezi kuionja. Tena moto wa jikoni hauiui. Kuvu yenyewe hufa ndani ya sufuria, lakini sumu iliyokwisha kutolewa yabaki katika ugali.

Mtu akila sumu nyingi kwa mara moja, ini lake huharibika katika siku chache, kama ilivyokuwa Kondoa na Makueni. Lakini walio wengi hula kidogo kidogo, leo na kesho, miaka na miaka, nao hawaoni ishara yo yote. Hapa pana jambo la ajabu. Ini, katika kujaribu kuivunja sumu hii ili iondoke mwilini, laigeuza kuwa kali zaidi, na ule ukali hushikamana na maandishi madogo yaliyomo ndani ya kila chembe ya ini, yale yaiambiayo chembe ikue vipi na ikome lini. Maandishi yakiharibika, chembe huenda ikasahau kukoma. Hiyo ndiyo saratani ya ini. Mwaka wa 1991 wachunguzi waliotazama saratani za wagonjwa wa kusini mwa Afrika na wa China waliona katika nyingi kosa lile lile, mahali pale pale pa maandishi. Msasi akiona wayo mchangani hujua ni mnyama gani aliyepita, ingawa mnyama mwenyewe amekwenda zake.

Kuna adui wa pili wa ini, naye ni virusi vya homa ya ini ya namna ya B. Huenea kwa damu, na mara nyingi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Mtu mwenye virusi hivyo akila sumukuvu, hatari yake si ya kujumlisha, bali ni ya kuzidisha. Bahati njema, chanjo yake ipo, na tangu mwanzo wa karne hii watoto wachanga wa Tanzania na Kenya huipata pamoja na chanjo nyingine. Chanjo hiyo haizuii sumukuvu, lakini yamwondoa adui mmoja kati ya wawili.

Kwamba adui mwingine naye aweza kuondolewa, twajua kwa habari ya Qidong, mji ulio kwenye mlango wa mto Yangtze nchini China. Watu wa huko walikuwa wakila mahindi, nao walikuwa wakifa kwa saratani ya ini kuliko watu wa mahali pengi duniani. Baada ya miaka ya 1980 kuanza, biashara ilifunguliwa, wakapata kununua mchele, nao mchele hauna tabu hiyo kama mahindi. Sumukuvu katika damu yao ikapungua mno, na baadaye vifo vya saratani ya ini vikapungua, hata katika watu waliokuwa wamezaliwa kabla ya chanjo kufika. Hawakupewa dawa. Walibadilisha chakula tu, kwa sababu waliweza kukinunua.

Sisi je? Mama yangu alikuwa akichambua mahindi kabla ya kuyapeleka mnadani. Yale makubwa meupe yalitiwa katika gunia la kuuza, maana mnunuzi huyashika mkononi na kuyatazama. Yale madogo, yaliyotobolewa na fukusi, tulikula sisi. Mabovu kabisa yalikuwa ya kuku na ng'ombe, wala hakujua kwamba ng'ombe aliyelishwa pumba mbovu hutoa sehemu ya sumu katika maziwa. Hakuna aliyetudhulumu. Karo yangu ya shule ndiyo iliyotaka hivyo. Lakini tazameni mpango huo: karanga zinazokwenda Ulaya hupimwa bandarini, na unga wa kiwandani hupimwa mjini, bali mahindi yanayotoka shambani kwenda ghalani, na ghalani kwenda chunguni, hayapiti mbele ya mpimaji ye yote. Anayekula jasho lake mwenyewe ndiye asiye na mlinzi.

Kwa hiyo ulinzi wa kwanza ni wa nyumbani. Kuvu hii hupenda mahindi yaliyopigwa na jua la ukame shambani, yakatobolewa na wadudu, kisha yakawekwa na unyevu. Basi mavuno yasilale chini; yaanikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Punje zilizooza, zilizovunjika na zilizobadilika rangi zitupwe, wala zisipewe kuku. Kukoboa nako husaidia, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu iko katika ganda na katika kiini. Mimi hupenda dona kuliko sembe, na dona lina nguvu kweli, lakini nataka dona la mahindi makavu yaliyochambuliwa. Iko pia dawa ya shamba iitwayo Aflasafe, ambayo serikali ya Tanzania iliiruhusu mwaka wa 2018: ni kuvu ya jamaa ile ile lakini isiyotoa sumu, imepakwa juu ya punje za mtama. Humwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua, ikakalia mahali ambapo ile mbaya ingekaa. Ni njia nzuri, ila hununuliwa kwa fedha.

Kupima ukavu hakuhitaji fedha. Jumatatu ijayo kila mmoja wenu alete gao moja la mahindi ya kwao katika karatasi, ameandika juu yake yalipowekwa: ghalani, darini, au chini ya kitanda. Mimi nitaleta chumvi niliyoianika juani, na chupa za kioo, safi na kavu, zenye vifuniko. Tutatia mahindi hata theluthi ya chupa, na vijiko viwili vya chumvi, tutaitikisa kwa dakika moja, kisha tutaiacha itulie robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yana maji kupita sehemu 15 kwa 100, wala hayafai kuwekwa bado. Isiposhikamana, yamekauka. Hayo yatakayoonekana mabichi tutayarudisha juani siku ile ile, na mwenyewe atakwenda nyumbani mapema kumwambia mama yake ayaanike na yaliyobaki.