Nyumba ya Boma Arash: Chumba Kimoja, Kazi Nyingi

Katika kata ya Arash, tarafa ya Loliondo, utaona nyumba za bati zenye pembe nne kando ya enkaji, nyumba ya Kimaasai ya fito, majani, udongo na mavi ya ng'ombe. Wanaojenga za bati wana sababu nzuri. Paa halihitaji kukandikwa upya baada ya mvua, na maji yake yanakingwa hadi kwenye tangi. Tatizo ni ramani. Nafasi ileile ikikatwa vyumba vitatu au vinne kwa kuta za tofali, kila chumba na kazi yake moja, mama mwenye nyumba hubanwa kuliko alivyokuwa. Kabla ya kuchimba msingi, itazame vizuri enkaji inavyotumia nafasi.

Mjenzi wake ni mwanamke, na ndiye mwenye nyumba. Kimo ni kama mita 1.5, hivyo joto haliendi mbali. Njia ya kuingilia imepinda ili upepo usifike motoni. Ndani kuna kizizi cha ndama na wana-mbuzi, mafiga, na vitanda vya fito vilivyotandikwa ngozi, vilivyojengwa pamoja na nyumba yenyewe. Kitanda cha usiku ndicho kiti cha mchana. Palipopikwa chai asubuhi ndipo wageni wanapozungumza jioni, na usiku moto huohuo unawapa joto waliolala. Hakuna pembe inayokaa bure.

Wajapani walifikia jambo hilohilo kwa njia nyingine. Nyumba zao za jadi zina mikeka minene iitwayo tatami, kila mmoja karibu sentimita 180 kwa 90, na ukubwa wa chumba hutajwa kwa idadi ya mikeka. Vyumba hutenganishwa na fusuma, milango myepesi inayosukumwa kwenye mfereji wa mbao. Ikiondolewa, vyumba viwili vinakuwa ukumbi wa sherehe. Magodoro hukunjwa asubuhi yakawekwa kabatini, na chumba cha kulala kinakuwa cha kulia.

Kwa hiyo, ukijenga upya, mwambie fundi akupe chumba kimoja kikubwa na kimoja kidogo chenye kufuli kwa nafaka, dawa na nyaraka. Kile kikubwa kigawe kwa pazia zito au kiambaza cha mbao kinachoondolewa. Binti aliyekua atapata faragha yake, na siku ya shughuli utakiondoa wageni wakae. Jenga vitanda kuambaa ukutani, juu kiasi cha kuweka masanduku chini yake. Mama na ashirikishwe tangu siku ya kupima kiwanja, kwa sababu ujuzi wa nafasi hiyo anao yeye.

Sasa moshi, ambao ndio unaoumiza zaidi. Anayeuvuta kwa saa nyingi kila siku ni mama na mtoto aliye karibu naye, na moshi wa kuni huongeza hatari ya nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kitundu kidogo cha ukutani hakitoshi. Toboa matundu mawili yanayotazamana, juu karibu na paa, kila moja lipitishe ngumi mbili. Yawekee wavu, na yasizibwe yote usiku. Ukiweza, jenga jiko la tofali lenye bomba. Wilayani Monduli wanawake wa Kimaasai wamefundishwa kujenga majiko kama hayo wenyewe, na kazi hiyo haihitaji fundi wa mjini. Bomba lipande juu kuliko kilele cha paa. Penye paa la majani, lipitishe ukutani kwa kuzungushiwa tofali na udongo, maana bomba lenye moto likigusa majani nyumba itateketea. Futa masizi mara kwa mara.

Moshi nao una kazi utakazozikosa: hukausha fito na kufukuza wadudu. Katika vijiji vya Shirakawa-go huko Japani, vilivyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1995, moshi wa moto wa katikati ya nyumba ndio uliolinda mapaa makubwa ya majani kwa vizazi vingi. Ukiutoa moshi nje, unguza miisho ya nguzo kabla ya kuzifukia, na kagua mchwa kila baada ya masika.

Jiko la mkaa lisilale ndani ya nyumba iliyofungwa, hata usiku wa baridi kali. Gesi yake haina harufu na humuua mtu usingizini.

Ndama wanastahili kukingwa baridi na fisi, ila wasilale hewa moja na watoto. Kizizi chao kiambatane na nyumba, kitenganishwe kwa ukuta wa udongo hadi juu, kiwe na mlango wake wa nje wenye komeo imara. Ng'ombe au mbuzi akitupa mimba, usishike kitu kwa mikono mitupu: vaa glavu au mifuko ya plastiki, fukia kwa kina, na mwite ofisa mifugo wa kata, kwani huenda ni brusela, ugonjwa unaoambukiza binadamu. Maziwa ya kundi hilo yachemshwe kabla ya kumpa mtu yeyote.