Tandiko la Punda

Kitu kinachotandikwa huitwa tandiko. Tandiko la punda huwekwa mgongoni mwake kabla ya kupakizwa mzigo au kupandwa na mtu. Je, lina kazi gani?

Jaribio
Funga jiwe kwa uzi mwembamba, kisha liinue kwa kidole kimoja. Uzi utakuumiza. Sasa weka kitambaa kilichokunjwa kati ya uzi na kidole, uliinue tena. Maumivu yatapungua, ingawa uzito wa jiwe haukubadilika. Uzito ule ule umeenea mahali papana zaidi.

Mifupa ya uti wa mgongo wa punda iko karibu na ngozi. Kwa hiyo tandiko bora huwa na mito miwili, mmoja kila upande wa uti, na nafasi katikati. Mzigo huegemea misuli, wala haugandamizi mifupa. Tandiko bovu, au kamba tupu, huchubua ngozi na kuleta vidonda. Punda mwenye kidonda mgongoni asipakizwe mzigo mpaka apone.

Maswali
1. Kwa nini kitambaa kilipunguza maumivu?
2. Nafasi iliyo kati ya mito ina faida gani?